HERUFI ZINAPOGEUKA VISANDUKU: Kubadili Fonti ya Mfumo wa Kompyuta na Kuondoa Kasoro Zake

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo kutoka nchi za nje, na kwa miaka mingi ni watu wachache tu waliopata kuziona kwa macho. Leo hali ni nyingine. Kompyuta ya mezani imefika katika ofisi za shule zilizo mbali na miji, nayo imechukua kazi ambayo zamani ilikuwa ya taipureta na stensili: kuandika mitihani, barua na taarifa za maendeleo ya wanafunzi.

Katika taipureta, herufi ilikuwa kipande cha chuma. Aliyegonga kitufe cha "a" alipata "a", wala hapakuwa na njia ya herufi hiyo kugeuka kitu kingine. Katika kompyuta mambo sivyo yalivyo. Herufi tunayoiona kwenye skrini imechorwa upya kila mara, na uchoraji huo hutegemea faili liitwalo fonti. Faili hilo likibadilishwa bila uangalifu, maandishi yaweza kuharibika, hata yakapotosha maana.

Tuchukue mfano wa shule moja ya sekondari, nasi tuiweke katika kata ya Mugoma, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Ofisi ya taaluma ina kompyuta moja. Mtu mmoja mwenye nia njema ameona kwamba maandishi ya menyu ni membamba na yanachosha macho, akaamua kubadili fonti ya mfumo mzima. Asubuhi ya pili baadhi ya alama za skrini zimegeuka visanduku vitupu, na maneno ya menyu yamekatwa mwishoni. Katika pilikapilika za kutafuta dawa, mtihani wa hisabati nao umeteuliwa wote na kupewa fonti mpya. Mahali palipokuwa na "x ≥ 5" sasa pameandikwa "x ³ 5". Mtihani unatakiwa kuchapishwa siku hiyo hiyo. Mtahiniwa atakayeketi mbele ya karatasi hiyo hataweza kujua kwamba mwalimu alikusudia jambo jingine, naye atapoteza alama kwa kosa lisilo lake.

Katika makala haya tutaeleza kwanza jinsi kompyuta inavyochora herufi. Kisha tutachunguza kasoro zinazotokea fonti inapobadilishwa, sababu ya kila kasoro, na njia ya kuiondoa.

1. Msimbo na umbo

Kompyuta haihifadhi herufi. Huhifadhi namba. Kila herufi imepewa namba yake, ambayo tutaiita msimbo. Msimbo wa "A" kubwa ni 65, na wa "a" ndogo ni 97. Namba hizo zilikubaliwa katika kanuni ya ASCII, iliyotangazwa mara ya kwanza mwaka 1963 huko Marekani, yenye nafasi 128 tu. Mwaka 1991 ilitolewa kanuni pana zaidi iitwayo Unicode, ambayo hivi sasa ina herufi na alama zaidi ya 150,000 za maandishi ya dunia nzima.

Fonti ni faili lenye maumbo ya herufi. Kila umbo limechorwa kwa mistari na mikunjo juu ya mraba uliogawanywa katika vizio vidogo, aghalabu 1,000 au 2,048 kwa kila upande. Utaratibu wa TrueType, uliotolewa na kampuni ya Apple mwaka 1991 na kuingizwa katika Windows 3.1 mwaka 1992, hutumia njia hiyo. Kwa kuwa umbo limehifadhiwa kwa hesabu na si kwa nukta, laweza kukuzwa au kupunguzwa bila kuharibika.

Ndani ya fonti mna jedwali linalounganisha msimbo na umbo. Twaweza kuufananisha msimbo na namba ya mwanafunzi katika daftari la mahudhurio, na fonti na albamu ya picha za darasa. Mfumo husoma namba, hufungua albamu, hutafuta picha yenye namba hiyo, kisha huichora. Picha isipokuwamo, mfumo hutafuta katika albamu nyingine zilizomo ndani ya kompyuta. Ikikosekana kote, huchorwa umbo namba 0, ambalo fonti huliweka kwa ajili ya herufi isiyokuwamo. Umbo hilo kwa kawaida ni kisanduku kitupu. Watengenezaji wa fonti hukiita kisanduku hicho "tofu", kwa jina la chakula cheupe cha soya kinachokatwa vipande vya mraba. Na mkusanyo wa fonti za Noto, uliotolewa na kampuni ya Google, ulipewa jina lake kutokana na nia ya kuondoa tofu.

Ni dhahiri basi kwamba kisanduku hakimaanishi kuwa maandishi yamepotea. Msimbo upo salama. Kilichokosekana ni picha yake.

2. Kiswahili, lugha jirani na fonti

Kiswahili sanifu kina bahati katika jambo hili. Herufi zake zote zimo katika zile nafasi 128 za ASCII, kwa hiyo takriban kila fonti ya herufi za Kilatini huweza kukiandika. Tatizo dogo liko katika "ng'". Ile alama ya juu katika neno ng'ombe yaweza kuandikwa kwa misimbo mitatu tofauti ya Unicode: 0027, 2019 au 02BC. Kwa macho zinafanana, lakini kwa kompyuta ni alama tatu mbalimbali. Anayetafuta neno hilo katika orodha kwa msimbo mmoja huenda asilipate ikiwa limeandikwa kwa mwingine.

Lugha za wilaya za Ngara na Biharamulo, kama Kihangaza na Kishubi, ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Katika Kirundi na Kinyarwanda, toni na urefu wa irabu huweza kutofautisha maana ya maneno, na wanaisimu huonyesha tofauti hizo kwa alama zilizowekwa juu ya irabu, kama katika "á" na "â". Mwalimu anayekusanya methali au msamiati wa lugha za aina hii atahitaji alama hizo. Irabu yenye alama yaweza kuwa na msimbo mmoja, au kuwa misimbo miwili: ule wa "a" na ule wa alama inayopanda juu yake. Katika hali ya pili fonti sharti iwe na maelekezo ya mahali alama inapokaa. Ikiwa haina, alama huelea pembeni au huangukia herufi inayofuata.

Ipo fonti moja inayotufaa sana kwa mfano, nayo imepewa jina la Kiswahili: Andika. Ilitengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, na hutolewa bure kwa leseni huria. Herufi zake zimechorwa ili zisichanganywe: "I" kubwa, "l" ndogo na tarakimu "1" huonekana tofauti, na "a" huandikwa kama tunavyoiandika kwa mkono. Hubeba alama za juu ya irabu vizuri. Si ajabu basi kwamba mwalimu aliyeiona angependa kuiona kila mahali katika kompyuta yake.

3. Fonti ya mfumo na fonti ya waraka

Hapa pana tofauti ambayo watu wengi huisahau, nayo ndiyo chanzo cha usumbufu mwingi. Fonti ya waraka ni ile tunayoichagua tunapoandika barua au mtihani. Fonti ya mfumo ni ile ambayo kompyuta hutumia kwa maandishi yake yenyewe: majina ya mafaili, menyu, vichwa vya madirisha na ujumbe wa tahadhari.

Katika Windows XP ya mwaka 2001 fonti kuu ya mfumo ilikuwa Tahoma. Tangu Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma mwaka 2007, imekuwa Segoe UI. Zamani mtumiaji aliweza kuchagua fonti nyingine katika dirisha la mipangilio. Nafasi hiyo iliondolewa katika Windows 8 ya mwaka 2012. Tangu hapo anayetaka kubadili hulazimika kuingia katika rejista, yaani ghala ambamo Windows huweka mipangilio yake yote.

Kwa hiyo, mwalimu anayetaka mtihani wake uchapishwe kwa Andika hana haja ya kugusa fonti ya mfumo hata kidogo. Akiisakinisha fonti hiyo na kuichagua ndani ya waraka, inatosha. Na anayelalamika kwamba maandishi ya skrini ni madogo hahitaji fonti mpya. Windows 10 na Windows 11 zina kipimo cha kukuza maandishi kutoka asilimia 100 hadi 225. Hapana budi kujiuliza swali hili kabla ya kuanza: je, ninachokitaka ni fonti nyingine, au ni ukubwa mwingine?

4. Jinsi mabadiliko yanavyofanyika

Yule aliyekwisha kuamua kubadili afuate hatua zifuatazo, akitumia akaunti yenye mamlaka ya msimamizi.

Kwanza, atengeneze kituo cha kurejesha mfumo. Kisha afungue rejista kwa amri ya regedit na kutoa nakala ya akiba ya sehemu mbili zilizo chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion. Sehemu hizo ni "Fonts" na "FontSubstitutes". Nakala hizo ziwekwe pia katika flashi, nje ya kompyuta.

Pili, asakinishe fonti mpya kwa watumiaji wote. Tangu mwaka 2018 Windows 10 huweza kusakinisha fonti kwa mtumiaji mmoja peke yake, na fonti ya namna hiyo haifai kuwa fonti ya mfumo.

Tatu, katika sehemu ya "Fonts" thamani za "Segoe UI (TrueType)" na ndugu zake wa herufi nzito na za mlazo huachwa tupu, ili mfumo usiyapate mafaili yake. Katika sehemu ya "FontSubstitutes" huongezwa jina "Segoe UI" lenye thamani ya jina la fonti mpya, kwa mfano "Andika". Maana yake ni hii: kila programu itakapoomba Segoe UI, ipewe Andika.

Nne, kompyuta izimwe na kuwashwa upya.

5. Dalili, sababu na tiba

Sasa tuzitazame kasoro moja moja.

(a) Hakuna kilichobadilika. Sababu ya kwanza ni jina. Rejista hutaka jina la familia ya fonti, wala si jina la faili. Faili laweza kuitwa Andika-Regular.ttf, lakini jina la familia ni Andika. Herufi moja ikikosewa, agizo halifuatwi. Sababu ya pili ni kwamba fonti imesakinishwa kwa mtumiaji mmoja. Sababu ya tatu ni kwamba kompyuta haijawashwa upya.

(b) Baadhi ya madirisha yamebadilika na mengine hayakubadilika. Hii si kasoro ya mtumiaji. Programu nyingine huja na fonti zake zenyewe na haziulizi mfumo. Kadhalika, Windows 11 hutumia katika sehemu nyingi fonti iitwayo "Segoe UI Variable", ambayo ni jina jingine. Agizo la kubadili "Segoe UI" haliihusu.

(c) Ikoni zimegeuka visanduku. Alama nyingi za skrini, kama ile ya sauti, ya betri au ya kufungia dirisha, si picha za kawaida bali ni herufi ndani ya fonti maalumu. Katika Windows 10 fonti hiyo ni "Segoe MDL2 Assets", na katika Windows 11 ni "Segoe Fluent Icons". Maumbo yao yamewekwa katika eneo la Unicode lililoachwa kwa matumizi binafsi, kuanzia msimbo E000 hadi F8FF, lenye nafasi 6,400. Hakuna fonti ya kawaida inayojua ni umbo gani lililokusudiwa huko. Mtu akifuta thamani zote zinazoanza na neno "Segoe", ameondoa pia ikoni. Tiba ni kurudisha thamani za fonti hizo za ikoni kutoka katika nakala ya akiba. Kanuni ni kwamba huguswa Segoe UI peke yake. Jamaa zake wa alama huachwa mahali pao.

(d) Maneno yamekatwa au yamebanana. Madirisha mengi yalipangwa kwa vipimo vya Segoe UI. Fonti yenye herufi pana hufurika. Fonti kama Andika, ambayo huacha nafasi kubwa juu na chini ya mstari kwa ajili ya alama za irabu, huweza pia kukatwa vichwa na miguu. Hesabu ya jambo hili tutaiona katika sehemu ya 6.

(e) Herufi nzito zinaonekana chafu au zote zina unene mmoja. Segoe UI ina uzito wa namna kadhaa, kutoka mwembamba hadi mzito sana. Fonti mpya ikiwa na uzito mmoja tu, mfumo hulazimika kunenepesha herufi kwa hila, na matokeo yake si mazuri. Ichaguliwe fonti yenye walau namna nne: ya kawaida, nzito, ya mlazo, na nzito ya mlazo.

(f) Fonti imerekebishwa, lakini skrini bado ina makosa ya zamani. Windows huweka hifadhi ya muda ya maumbo iliyokwisha kuyachora ili isiyachore upya. Hifadhi hiyo ikiharibika, kwa mfano umeme unapokatika ghafla, maumbo ya zamani au mabovu huendelea kuonekana. Tiba ni kusimamisha huduma iitwayo "Windows Font Cache Service", kufuta mafaili yaliyomo katika folda ya hifadhi hiyo (C:\Windows\ServiceProfiles\LocalService\AppData\Local\FontCache), na kuwasha kompyuta upya. Mfumo utaijenga hifadhi mpya wenyewe.

(g) Alama za hisabati zimegeuka. Hii ndiyo kasoro ya mtihani wetu, nayo ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa kuwa haionyeshi kisanduku. Fonti ya kale iitwayo Symbol ilitengenezwa kabla ya Unicode. Iliweka alama za hisabati na herufi za Kiyunani katika misimbo ya herufi nyingine: π ilikaa mahali pa "p", α mahali pa "a", ≤ mahali pa "£", na ≥ mahali pa "³". Maandishi yaliyoandikwa kwa njia hiyo yana msimbo wa "³" ndani yake; ni fonti ya Symbol peke yake inayoyafanya yaonekane "≥". Ukiteua waraka wote na kuupa fonti nyingine, kinyago huvuliwa na msimbo halisi huonekana. Programu nyingine huyalinda maandishi ya namna hii kwa kuyahamishia katika lile eneo la matumizi binafsi, na hapo huonekana kama kisanduku mahali penye upungufu wa fonti. Tiba ya haraka ni kubatilisha badiliko la fonti kwa vitufe vya Ctrl na Z ikiwa waraka haujafungwa. Tiba ya kudumu ni kuandika upya alama hizo kwa misimbo yake ya Unicode: ≤ ni 2264, ≥ ni 2265, na π ni 03C0.

6. Hesabu ya mfano: kwa nini maneno hukatwa?

Ukubwa wa herufi hupimwa kwa pointi, na pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi. Windows huchukulia kwamba skrini ya kawaida ina pikseli 96 katika inchi moja. Fonti ya mfumo ina ukubwa wa pointi 9. Kwa hiyo:

9 ÷ 72 × 96 = pikseli 12.

Tuseme fonti ya kwanza ina wastani wa upana wa vizio 1,060 kwa herufi, na fonti ya pili vizio 1,230, zote zikiwa na mraba wa vizio 2,048. Kifungu cha menyu kina herufi 30, na nafasi iliyotengwa ni pikseli 200.

Fonti ya kwanza: 30 × 1,060 × 12 ÷ 2,048 = pikseli 186 takriban.

Fonti ya pili: 30 × 1,230 × 12 ÷ 2,048 = pikseli 216 takriban.

Fonti ya kwanza inatosha na kubakiza nafasi ya pikseli 14. Ya pili inazidi kwa pikseli 16, yaani herufi mbili au tatu za mwisho hazitaonekana. Tofauti ya asilimia 16 katika upana wa herufi, ambayo jicho halioni upesi katika ukurasa wa kitabu, imetosha kuharibu menyu.

7. Utaratibu wa kutafuta kasoro

Fundi mwenye subira hutumia njia ile ile inayotumiwa katika maabara: kuangalia, kukisia sababu, kubadili jambo moja tu, na kupima tena. Anayebadili mambo matano kwa wakati mmoja hata akifaulu hatajua ni lipi lililomponya.

Jambo la kwanza ni kusoma aina ya dalili. Ziko dalili tatu zinazofanana kwa mtu mgeni, lakini sababu zake ni mbali kabisa.

Kisanduku kitupu humaanisha kwamba msimbo upo, lakini umbo halipo. Tiba yake ni fonti.

Alama ya kuuliza, peke yake au ndani ya almasi nyeusi, mara nyingi humaanisha kwamba msimbo wenyewe haukusomeka au umekwisha kupotea wakati wa kuhifadhi au kuhamisha. Fonti haiwezi kurudisha kilichopotea; itafutwe nakala ya awali ya waraka.

Herufi za ajabu, kama "Ã¡" mahali pa "á", humaanisha kwamba misimbo imesomwa kwa kanuni isiyo yake. Herufi "á" katika mtindo wa UTF-8 huhifadhiwa kwa baiti mbili, C3 na A1. Msomaji anayedhani kila baiti ni herufi huona herufi mbili. Tiba yake ni kulifungua faili upya kwa kuchagua UTF-8. Kubadili fonti hakusaidii chochote.

Jambo la pili ni kupima kwa sentensi maalumu. Iandikwe sentensi moja yenye kila alama inayotumika shuleni, kwa mfano: "Ng'ombe 10 walikunywa maji ya 25 °C, x ≥ 5, y ≤ 3, π ≈ 3.14, á â, Il1." Sentensi hiyo ihifadhiwe, na ichapishwe kwa printa kabla na baada ya badiliko lolote. Tofauti ikionekana, itajulikana mara moja iko wapi.

8. Kurudisha hali ya awali

Aliyeweka nakala ya akiba hana sababu ya kuogopa. Afungue flashi, abonyeze nakala za rejista mara mbili, akubali, kisha aondoe lile jina "Segoe UI" aliloliongeza katika "FontSubstitutes". Hili la mwisho husahauliwa mara nyingi: nakala ya akiba hurudisha thamani za zamani, lakini haiondoi jina jipya lililoongezwa baadaye. Ndipo awashe kompyuta upya.

Asiye na nakala atumie kituo cha kurejesha mfumo ikiwa kipo. Kisipokuwepo, aandike thamani kwa mkono: "Segoe UI (TrueType)" ipewe segoeui.ttf, ile ya herufi nzito, segoeuib.ttf; ya mlazo, segoeuii.ttf, na nzito ya mlazo, segoeuiz.ttf. Mafaili haya bado yamo katika folda ya C:\Windows\Fonts, maana kuacha thamani tupu hakukuyafuta.

Kwa shule zinazotumia Linux kazi ni nyepesi zaidi. Huko fonti huwekwa katika folda ya ~/.local/share/fonts, na amri ya fc-cache -f huijulisha mfumo. Amri ya fc-match sans-serif hutaja ni fonti ipi inayojibu ombi hilo, na fc-list :lang=sw huorodhesha fonti zote zinazotosha kuandika Kiswahili. Katika mazingira ya GNOME, amri ya gsettings reset org.gnome.desktop.interface font-name hurudisha fonti ya awali papo hapo. Inafaa kukumbuka kwamba katika uwanja huu wa programu huria nchi yetu imewahi kutoa mchango: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili.

9. Kuulinda mtihani

Tumalizie na karatasi ya mtahiniwa, maana ndiyo yenye uzito kuliko mwonekano wa menyu. Waraka unapobebwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, fonti hazisafiri nao isipokuwa zimeamriwa. Kompyuta ya pili ikikosa fonti iliyotumika, huweka nyingine bila kuuliza. Mistari husogea, michoro huhama, na maswali hugawanyika kati ya kurasa mbili.

Njia iliyo salama ni kuuhifadhi mtihani katika umbo la PDF kwa kuingiza fonti ndani yake, na kuupeleka huo kwenye printa. Nakala ya kwanza iliyochapishwa isomwe yote na mwalimu wa somo, alama kwa alama, kabla ya kutoa nakala nyingine. Mwalimu wa hisabati atazame ≥ na ≤; wa fizikia atazame ° na Ω; wa kemia atazame mishale na namba za chini. Programu ya kusahihisha tahajia haitamwonya, kwa kuwa kwa kompyuta "³" si kosa; ni alama halali kama nyingine.

Mwenye kubadili fonti ya mfumo kwa ajili ya kujifunza na afanye hivyo baada ya mitihani kwisha, akiwa na nakala ya akiba mkononi.

Maswali na mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya msimbo na umbo la herufi. Kwa nini kisanduku kitupu si dalili ya kupotea kwa maandishi?

2. Skrini imewekwa kukuza kila kitu kwa asilimia 150. Fonti ya pointi 9 itakuwa na pikseli ngapi?

3. Kwa kutumia vipimo vya sehemu ya 6, tafuta ukubwa wa pointi ambao utaifanya fonti ya pili itoshe katika pikseli 200.

4. Waraka una "30³ n" mahali ambapo mwalimu alikusudia "30 ≥ n". Taja sababu inayoelekea kuwa ndiyo, na hatua utakazochukua.

5. Eneo la matumizi binafsi la Unicode huanza E000 na kuishia F8FF katika hesabu ya kizio cha 16. Onyesha kwa hesabu kwamba lina nafasi 6,400.

6. Kwa kazi ya kikundi: kusanyeni maneno kumi ya lugha ya nyumbani ambayo maana yake hubadilika kwa toni au kwa urefu wa irabu. Yaandikeni kwa fonti tatu tofauti, myachapishe, kisha mwandike taarifa fupi kuhusu fonti iliyoweka alama mahali pake na ile iliyoshindwa.